Edgar Aliyekuwa Kwenye Gesi

Edgar hakumdanganya baba yake hata neno moja, na hilo nitaliapia popote. Alisema kwenye simu, "Baba, nimepata kazi Kinyerezi. Niko kwenye gesi." Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Alikuwa Kinyerezi kweli, na mbele yake jiko la gesi, anakaanga chipsi zangu. Kosa ni la Mzee Kasimiri, aliyewahi kusikia redioni habari za mitambo ya huko ya kufua umeme kwa gesi, akampandisha mwanawe cheo papo hapo.

Mie naitwa Tunu, mzaliwa wa Mtoni, mwenye kibanda cha chakula Kinyerezi. Edgar alikuja Dar kutoka Mbinga, huko kwenye kahawa, baba yake amemtuma asome ufundi umeme. Muhula wa kwanza akapigwa shoti mara mbili, wa pili mara tano, akaona huo wito si wake. Siku moja alikuja kununua chipsi, akaniambia mafuta yangu hayajapata moto. Nilitaka kumpiga na upawa. Kisha nikayatazama mafuta. Kesho yake alikuwa amevaa aproni.

Balaa likaanzia kijijini kwao. Katekista alimwombea kanisani, "kijana wetu anayetuwashia taa." Tangu hapo, umeme ukikatika huko, hata kama ni mti umeangukia waya, watu wanakwenda kwa Mzee Kasimiri, naye anapiga simu kibandani kwangu.

"Edgar, mwanangu, huku hakuna umeme."

"Shikamoo, baba. Ee... ngoja niangalie."

"Marahaba. Angalia haraka, mwenye mashine ya kusaga amenikaa kooni."

Edgar anaweka simu chini, anageuza chipsi, uso umemshuka. Umeme ukirudi, anapigiwa kushukuriwa. Mara moja walimtumia jogoo. Alishushwa kwenye basi stendi ya Mbezi Luis, amefungwa karatasi shingoni: "Kwa Injinia." Tulimla kwa wali wa nazi, lakini Edgar hakumaliza paja lake.

"Mwambie ukweli," nilimwambia. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Sijasema uongo, mama."

"Basi mwambie huo ukweli wako vizuri."

Hakuweza. Mzee Kasimiri siku hizo alikuwa akikalishwa mbele kwenye mikutano ya kijiji, ubavuni mwa mwenyekiti, kwa sababu ya mwanawe. Na aliwahi kutamka hadharani kwamba mwanaume anayepikia watu baki ni mwanaume aliyeshindwa kulima. Edgar aliogopa kumnyang'anya baba yake kile kiti. Alikuwa anampenda mno.

Sasa mie na kiherehere changu nikamjazia fomu ya mashindano ya mapishi ya televisheni, Mwiko wa Dhahabu. Nilidhani atatolewa siku ya kwanza, nami nipate tangazo la bure. Akachaguliwa. Alikubali kwenda kwa sababu moja tu: kijijini kwao hakukuwa na king'amuzi.

Mashindano yenyewe ni vituko vitupu. Mtu anapewa bamia, chokoleti na dakika ishirini, anaambiwa ashangaze watu. Kuna jaji haonji mpaka afumbe macho. Wiki ya tatu Edgar akawapikia chipsi mayai, zilezile za kibandani, ila kaziweka kwenye sahani pana kama beseni na jani moja la giligilani juu.

"Chakula hiki kina hadithi gani?" jaji akauliza, macho kafumba.

"Hakina hadithi," Edgar akasema. "Kina mayai matatu."

Jaji akalia. Nchi ikapiga kura kwa simu, Edgar akaingia fainali. Na wiki hiyohiyo kijiji kikanunua king'amuzi kwa ajili ya mpira, kikafungwa nyumbani kwa Mzee Kasimiri, maana kwake ndiko kwenye uhakika wa umeme.

Simu ikalia.

"Edgar, kuna kijana kwenye televisheni mmefanana sana. Hata jina. Anapika. Nimewaambia watu duniani wawili wawili."

"Ndiyo, baba," Edgar akasema, jasho linamtoka.

"Jumapili kijiji kizima kinakuja kwangu kumtazama. Ulinde umeme."

Fainali ilirushwa moja kwa moja, saa kumi jioni. Nilikaa mbele, humo studioni, na dera langu jipya. Edgar alikuwa anapika pilau. Mtangazaji akamwuliza kama ana neno kwa mtu yeyote. Edgar akavua ile kofia yao ndefu.

"Baba, shikamoo. Huyo unayemwona ni mimi. Sipo kwenye mitambo, nipo kwenye mtungi. Nisamehe."

Nililia kama niliyefiwa. Wakati anaongea pilau ikashika chini, wakampa nafasi ya pili na blenda.

Siku nne Mzee hakupiga, na Edgar alimenya viazi vya wiki nzima. Ya tano simu ikalia, mikono yake imejaa mafuta, nikamwekea spika.

"Edgar, Jumapili huku umeme ulikatika. Kijana yule anavua kofia tu, televisheni ikazima. Watu hawakusikia alichosema."

Nikamkonyeza haraka: nyamaza, Mungu kakuokoa! Edgar akanitazama, kisha akaitazama simu.

"Alisema ni mimi, baba. Yule ni mimi. Napika."

Nikasikia mafuta yakichemka.

"Najua," Mzee akasema. "Unaonja kwa kidole cha mwisho kama marehemu mama yako. Nilijua siku ya kwanza. Na umeme haukukatika. Nilipoona unavua kofia, nikatoka nje nikazima swichi kubwa. Neno kama hilo unamwambia baba yako kwanza, hulisemi mbele ya kijiji kizima."

"Nisamehe, baba."

"Kijiji ndicho kimekukasirikia. Wanasema injinia gani huyu, anakata umeme kwenye fainali." Akakohoa. "Nilikupigia kura arobaini na moja za fainali. Simu yangu ilipoisha chaji nikaazima ya katekista."

Edgar akakaa juu ya gunia la viazi, akalia kwa sauti mbele ya wateja. Chipsi zikaungua. Nikazigawa vilevile, na hakuna aliyethubutu kulalamika.