Amina ya Mshonaji

Mama anayeshona nguo pale mtaa wa Gatwekera huinong'onezea cherehani yake sala kabla ya kuikanyaga. Uzi huukata kwa meno, na kilemba chake cheupe cha kanisani hakimtoki kichwani hata siku za kazi. Shiundu, fundi viatu wa kibanda jirani, humwigiza kila asubuhi. Hupiga magoti vumbini, akafumba macho: "Yesu, kuja kwangu hapo mtaa wa Lindi, naishi solo, peke yangu, karibu sana!" Wateja hucheka hadi machozi. Mama hagombani. Mguu wake husimama, kiganja kikatulia juu ya kitambaa, naye huitikia polepole, kama mtu anayepokea mzigo: "Amina."

Jana Shiundu alizidisha. "Bwana, kama uko, nichukue leo!" Watu wakacheka, kisha wakaisubiri ile Amina. Haikuja. Mama alimtazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe. "Hiyo siitikii, kijana yangu," akasema. "Zile zingine zote nilishaitikia." Mguu ukarudi kazini.

Jioni Shiundu alifika nyumbani kwake Lindi, akakuta kufuli mlangoni vile alivyoliacha. Hata hivyo, kabla ya kulifungua, alibisha hodi.