Sekunde Kumi na Moja za Fundi Nakala

Watu walimbandika jina la Fundi Nakala, na alilistahili. Mteja akiingia na kompyuta iliyokufa, hata salamu haijajibiwa, alishaulizwa, "Nakala unayo?" Wengi hawana. Basi hapo watapewa somo, watake wasitake, na somo la fundi huyu halikuwa fupi.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa akimsomesha mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa amechapa mitihani tangu alfajiri bila kuihifadhi, umeme ukakatika.

"Sasa imekwenda wapi, fundi? Si nilikuwa naiona kwenye kioo?"

"Mwalimu, ulikuwa unaandikia kwenye RAM. Hiyo ni meza ya kufanyia kazi tu. Ina kasi, lakini umeme ukikatika inabaki tupu. Diski ndiyo kabati. Usipoweka kabatini, hukuweka."

"Haya, kuanzia leo naweka kwenye flashi, naifungia kwenye droo."

"Toba! Flashi nayo si sanduku la chuma. Ndani mna vyumba vidogo mno vinavyoshikilia chaji ya umeme. Ukiitelekeza miaka na miaka, ile chaji inaweza kuvuja, na vitu vyako vikaondoka nayo. Fanya nakala tatu, mwalimu, na moja ikae nyumba nyingine."

Mwalimu akacheka, akaaga. Fundi hakucheka. Kwenye droo ya chini ya meza yake, ndani ya kisanduku cha miwani, ilikuwemo flashi ambayo hakuichomeka popote kwa miaka tisa. Ilibeba dakika nne za sauti ya marehemu mkewe, alizomrekodi wiki mbili kabla hajafariki. Nakala hakuwa nayo hata moja.

Si kwamba hakujua. Alijua kuliko mtu yeyote mtaani. Ila kuinakili kulitaka aifungue, aisikilize ahakikishe ni nzima, na ubavu huo hakuwa nao. Kila mwaka alijiambia mwakani. Mchana aliokoa picha za harusi za watu asiowajua, jioni akarudi kwenye chumba chenye vikombe viwili, akaosha kimoja.

Sasa binti yake, aliyeolewa mbali, alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo, kabla hajafungua duka. "Baba, nitumie ile sauti ya mama. Mwanangu ananiuliza bibi alikuwa anaongeaje, na mimi, baba, naona haya kukwambia, nimeanza kusahau."

"Ipo salama, mwanangu. Leo leo utaipata."

Mwalimu alipokwisha kuondoka, fundi akafunga mlango wa duka. Akapiga moyo konde, akaichomeka. Kompyuta ikakawia, kisha ikamwandikia kwamba diski hii haisomeki, na je, angependa kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya?

Maneno yale alishayaona mara nyingi mno, kwenye flashi za watu wengine. Akakataa, akaanza kufanya kama afanyavyo siku zote: kwanza kuinakili flashi nzima kipande kwa kipande, ndipo aitafute sauti ndani ya hiyo nakala. Vipande visivyosomeka vilijitokeza kwa rangi nyekundu, kimoja, vitano, safu nzima. Akajitukana kwa sauti, peke yake dukani. "Mpumbavu mkubwa wewe! Nakala unayo?"

Saa tisa alasiri likapatikana faili moja. Sekunde kumi na moja.

Akavaa spika za masikioni. Kwanza alijisikia mwenyewe: "Haya sema basi, inarekodi." Kiti kikalia. Mtu akakohoa. Kisha kikaja kicheko kile cha puani, alichodhani anakikumbuka na kumbe miaka yote alikuwa anakikosea, na mkewe akauliza, "Niseme nini?"

Baada ya hapo ni mkwaruzo tu. Fundi akalia kwa kwikwi, na hapakuwa na mtu wa kumficha machozi.

Nakala ya kwanza akaiweka kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya kabatini. Ya tatu ilitakiwa ikae nyumba nyingine, na nyumba nyingine aliyokuwa nayo duniani ni ya binti yake tu. Akamtumia, akaongeza maneno: "Zilikuwa dakika nne. Zilizobaki nimezipoteza mimi kwa woga wangu. Nisamehe."

Simu haikukawia kuita. Alijiandaa kusikia kilio cha binti yake, lakini aliyeongea ni mjukuu.

"Babu, bibi anauliza aseme nini. Ulimjibuje?"

"Nilimwambia aseme chochote."

"Halafu akasema nini?"

Fundi akaishika simu kwa mikono miwili, akatafuta kichwani mwake huku mtoto akimsubiri. Hakukumbuka hata neno moja.