Muulize Aliyekukaribisha Chai

Watu wakitaka kununua nyumba huangalia mabati, huonja maji, huuliza kama njia inapitika wakati wa mvua. Hayo yote niliyafanya. Niligonga hata mbao za ukuta, moja baada ya nyingine, kutafuta iliyooza. Sikuwa mjinga, na hadi leo anayeniita mjinga tunakosana.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa fundi wa cherehani Kibera, msichana asiyeolewa, nimepanga chumba kwa mama mmoja Mnubi ambaye alinijulia hali kila asubuhi na kunipandishia kodi kila mwaka. Nilichoka kuomba ruhusa ya kupigilia msumari ukutani. Basi mwanamume mmoja tuliyeimba naye kwaya aliponiambia anauza nyumba yake kule Gatina, Kawangware, niliona Mungu amenikumbuka.

Tulienda kuiona Jumapili baada ya ibada. Mlangoni alitupokea mama mzee. Alinishika mikono yote miwili, akaniita mtoto wake kwa Kikuyu, akanikaribisha chai na nduma za kuchemsha. Yule bwana akaninong'oneza kuwa ni shangazi yake, yuko hapo kwa muda tu, karibu atarudi mashambani. Mama akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha mahali pazuri pa kupanda sukuma wiki.

"Utakuja lini?" akaniuliza.

"Mwisho wa mwezi, mama."

Akapiga vigelegele. Nikajiambia, watu wa huku wana roho safi, hata kuuziana nyumba wanashangilia.

Niliporudi Kibera, mama mwenye nyumba aliniuliza jambo moja tu: "Na watu wa hiyo boma umeongea nao?" Nikaona ni wivu wa kupoteza mpangaji. Nikampa mwanakwaya mwenzangu akiba yangu yote, tukatia sahihi mbele ya rafiki yake.

Siku niliyohamia, kitanda na cherehani vikiwa juu ya mkokoteni, nilikuta mama amewaita wanawake majirani na chakula kimeiva. Alichungulia nyuma yangu.

"Bwana yako ako wapi?"

"Sina bwana, mama."

"Si umeolewa na kijana yangu?"

Tukaulizana pale pale, tumesimama kando ya mkokoteni. Hakuwa shangazi. Alikuwa mama mzazi wa yule mtu, na ploti ilikuwa yake, aliachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe alimwambia anamletea mke. Mimi nilikuwa nimekula nduma za mkwe bila kujua. Wanawake waliokuja kushangilia walichukua leso zao, wakaondoka mmoja mmoja, na mwanakwaya hakuonekana tena Kawangware wala kanisani.

Chifu alisema nyumba ni ya mama, nikamtafute aliyekula pesa. Mama hakunifukuza. Alinipa chumba cha mwisho, kwa kodi, nami nikailipa kodi hiyo ndani ya nyumba niliyoinunua. Iliniuma, lakini sikumchukia. Jioni tulikaa jikoni kwake tukimlaani mwanawe pamoja. Nikisema tutamshika, naye anajibu tutamshika, huku akinisukumia bakuli la mboga. Nilimpenda yule mama. Niliamini tumeumizwa na mtu mmoja, kwa hiyo tuko upande mmoja.

Krismasi moja nilitoka kanisani nikakuta viatu vya mwanamume mlangoni kwake. Ndani nilisikia kicheko ninachokijua, kile cha besi ya mwanakwaya mwenzangu. Nilienda mbio. Mama akatoka na kusimama katikati ya mlango, mkono huku na mkono kule.

"Mama, nipishe. Nataka pesa yangu ama nyumba."

"Huyu ni mtoto yangu. Amerudi."

"Na mimi je?"

Hakuniangalia. Alifuta mikono kwenye leso, yote miwili, polepole.

"Wewe tafuta kwingine," akasema. "Anataka chumba yake."