Sista Milcah na Sauti ya Mama Kibe

Ukimwuliza Milcah kama amechoka, atakwambia, "Kidogo tu." Uongo mtupu! Mimi Nyokabi nimeuguza naye kwenye wodi ya wagonjwa wa akili huku Dagoretti tangu tukiwa wasichana, na naona anavyoburuta miguu. Akitoka hapa anapitia Kilimani kumwogesha bibi kizee wa watu, ndipo aende kwake kulala.

Jumanne hiyo tulikuwa wawili tu, wodi imejaa, harufu ya kichinjio inaingia dirishani. Mgonjwa wetu Kibe alikuwa amegoma kula. Alikuwa akimsikia mamake, tuliyeambiwa alizikwa mwaka jana, akimwonya kwamba chakula kina sumu. Daktari naye alikuwa ameshasema: asipokula mchana huo, anahamishwa akalishwe kwa mpira wa puani. Kibe aliwahi kuwekewa mpira huo, akafungwa mikono asiung'oe. Milcah hakutaka ayapitie tena hayo.

Aliyeharibu mambo ni Muigai, kaka yake Kibe. Mtu mwema, lakini ai! Kabla ya Jumapili Kibe alikuwa angalau anadonoa. Muigai akaja na mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, kutoka nyumbani, akamkuta mdogo wake akiongea na ukuta, akamwambia, "Hata mimi namsikia Mama. Anasema ule." Alidhani anamtuliza. Kibe akasukuma sahani. Kama Muigai naye anamsikia, basi Mama yupo kweli, na sumu ipo kweli.

Sasa Jumanne hiyo Milcah akaketi kitandani kwa Kibe na sahani ya chakula cha mchana.

"Sista, na wewe unamsikia?" Kibe akamwuliza.

Nilikuwa kando nikigawa dawa, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nikamnong'oneza Milcah, "Si useme tu ndiyo! Mwambie Mama amesema sumu imeisha, tumalize!"

Hakunitazama hata. "Mimi simsikii, Kibe. Najua wewe unamsikia, na najua anakutisha. Lakini mimi simsikii."

"Muigai anamsikia."

"Muigai alisema hivyo kwa sababu anakupenda. Hamsikii."

"Kwa hivyo Mama hayuko?"

Mungu wangu! Nilitamani Milcah asijibu.

"Hayuko, Kibe. Pole sana."

Akalia, mwanaume mzima, kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Milcah hakumwambia anyamaze. Alikaa tu na ile sahani mapajani.

"Bado anasema nisile," Kibe akasema.

"Mwache aseme. Mimi niko hapa na wewe."

Kibe akachukua kijiko. Akala akilia, makamasi yakimtoka, na mimi nikageuka nikajifanya nahesabu vidonge, maana macho yangu hayakuwa mazuri.

Sahani ilipofika nusu, akamtazama Milcah usoni. "Sista, umechoka?"

Nikangoja ile "kidogo tu" yake.

"Nimechoka sana, Kibe," Milcah akasema.

Kibe akasogea kitandani, akamwachia nafasi ya kuegemea ukuta, akaendelea kula.