Miguu ya Neema na Supu ya Paketi

Mutoto wangu, iko siku moja haitoki mu kichwa changu: siku nilimutukana muganga kwa sababu alisema ukweli. Nakuita mutoto wangu na mvi sina hata moja, usicheke. Kimbia vita mara tatu, utaona vile mutu anazeeka mbio.

Tulikuwa tumetoka kwetu Kibumba, mabomu nyuma yetu, tukafunga bashe yetu, ile turubai ya plastiki, mu kambi pembeni ya Goma, juu ya mawe ya volkano. Ilikuwa mimi na mudogo wangu Neema, wa miaka mitatu. Wazazi tulikuwa tumeshazika. Mimi njo nilikuwa mama yake, mimi njo papa yake, na mutu akimuangalia vibaya tu, nilikuwa tayari kupigana.

Kule Mabanga, mutaa wa Goma, nilikuwa nafulia nguo Mama Mariamu, muchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Batu ba kwao walitokaga Maniema zamani. Alinipa nichague malipo: maharagi ao tambi za paketi. Nikachagua tambi. Maharagi inakula makala ya kupikia siku muzima. Tambi, maji ikichemuka tu, imeiva. Na kusema kweli, kule kwetu nilikula maharagi, shu, ile kabichi, na lenga-lenga, ile muchicha, mpaka nikachoka. Nikasema sasa tuko mu muji, tule kama batu ba muji. Neema alikuwa anapenda ile supu, analamba mpaka chumvi ya mu sashe, kale kapaketi kadogo ka ndani.

Kisha mashavu yake ikajaa. Miguu ikakuwa minene. Majirani wakasema, "Ee, Neema ananona!" Na mimi nikajivuna, bana, nikatembea naye mu kambi kila mutu amuone. Lakini hakukuwa anacheza tena. Alikuwa anakaa tu, kimya, nywele imegeuka rangi. Njo nikamupeleka kwenye santre ya afya.

Mama muganga akabonyeza muguu wake na kidole. Shimo ikabaki.

"Huyu mutoto anakosa chakula," akasema, pole pole tu.

Nikalipuka. "Nani anakosa chakula? Huyu ni mutoto wa Kibumba! Shu munakula hapa Goma, nani anailima? Si sisi? Anakula mara tatu kila siku, anashiba mpaka anabeua!" Nikamufunga Neema mu mugongo, nikatoka, batu bote wananiangalia.

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Mariamu, nikijua atanitetea. Alikuwa anachambua sambaza, hakuinua hata kichwa.

"Asubui alikula nini?"

"Tambi, mama."

"Na midi?"

"Tambi."

"Na mangaribi?"

Njo akainua kichwa, akaangalia miguu ya Neema.

"Unatukana muganga juu ya kutetea nani? Neema, ao kiburi yako? Mutoto anajaa maji, wewe unasema ananona. Rudi naye sasa hivi. Mudomo yako iache hapa, nitakuchungia."

Nikarudi mbio. Mama muganga hakunifokea. Akasema tu, "Yaya, dada mukubwa wa Kibumba, karibu," akamupokea Neema, akaanza kumupa dawa na chakula ya wagonjwa. Siku zile sikusali, nilikuwa nagombana na Mungu. Mpaka asubui moja, nikitaka kushika kikombe nimunyweshe, Neema akanipiga mukono: "Acha! Ni yangu!" Mutoto wangu, nilicheka mpaka machozi. Maji ilikuwa inatoka mu miguu, na hasira yake, ile ya familia yetu, ilikuwa imerudi. Pumuzi yangu nayo ikarudi.

Sikusoma mambo ya chakula mu masomo yoyote. Niliuliza mpaka mama muganga akanichoka. Aliniambia ile tambi ni unga, mafuta na chumvi. Inajaza tumbo, haijengi mwili. Si sumu, mimi naila mpaka leo, lakini siiachi peke yake. Ile sashe ya chumvi natia nusu, ingine natupa. Jana yake nachemusha maharagi mengi, kisha natia kikombe moja mu supu. Kama iko yai, nalivunja ndani maji ikiwa inachemuka. Sambaza naosha muchanga vizuri, na kwa mutoto mudogo naitwanga. Lenga-lenga natia mwisho, isipondeke. Karanga ya kutwanga nayo ni tamu sana, jaribu utaniambia.

Basi sikia. Kushiba si kulishwa. Ukiona miguu ya mutoto inavimba, usiseme ananona, na usiikimbilie sufuria, kimbilia santre. Na mutu akikuambia ukweli juu ya mutu unayemupenda, kasirika ukitaka, lakini ukasirike ukiwa umekaa pale pale, mutoto akiwa mikononi mwa ule anayekuambia.

Mungu akuchungie batu bako bote. Akupe mbabula, lile jiko la makala, yenye moto na sufuria yenye mboga, na siku moja akurudishe mu shamba lako, ulime na uvune bila mutu kukufukuza.