Fundi wa kaunta alipima jikoni kwa mama yangu akiwa nje ya nyumba

Wakuu, nawasalimu kutoka Migori. Leo sina utani.

Haya ninayoandika ni ya kweli mwanzo hadi mwisho. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu hawa watu bado nitakutana nao kwa matanga.

Mimi nafanya kazi Migori mjini lakini nyumbani ni upande wa Ndhiwa, Homa Bay. Mama yangu ni mjane. Kwenye boma wamebaki yeye na shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu.

Mwaka jana Mama alifanyiwa upasuaji wa goti. Daktari akamwambia asichuchumae tena, asiiname, na asisimame muda mrefu.

Sasa, kama umelelewa na mama wa huku, unajua hayo maneno yanamaanisha nini. Jiko lake lilikuwa chini. Sufuria chini, maji chini, kila kitu chini. Akaacha kupika. Shemeji akawa anamletea chakula kwa sahani iliyofunikwa, mchana na jioni.

Kwa shemeji hakulalamika hata siku moja. Kwangu ndiyo alilalamika. Alinipigia simu akasema, "Nyathina, mwanangu, siku hizi nakula kama mgeni kwangu."

Hayo maneno yaliniuma. Huyu ni mwanamke ambaye amelisha kijiji kizima kwa mikono yake.

Nikaamua kufanya renovation ya jikoni. Tubomoe ukuta wa stoo, tuvute maji ya tangi hadi kwa sinki, tuweke gesi, na tuweke kaunta ya granite. Lakini kaunta iwe ya chini kuliko kawaida, ili Mama akae kwa kiti cha kawaida na apike akiwa ameketi. Kwangu kimo cha hiyo kaunta ndicho kilikuwa kazi yote. Hayo mengine ni urembo.

Nikapata kontrakta wa Awendo. Nitamwita Jakom, yaani mwenyekiti, kwa sababu ana ile tabia ya kuongea kama yuko mkutanoni. Kusema ukweli ukuta alijenga vizuri na tiles zimenyooka. Shida ni kwamba granite hafanyi mwenyewe. Akampa kazi sub wake kutoka Uriri, tumwite Odhis.

"Huyo ni mkali," Jakom akaniambia. "Counties zote mbili hupati kama yeye."

Nikawaambia wote wawili kwa simu, tena kwa Kiswahili cha kueleweka: njooni Mama akiwepo, mumkalishe kwa kiti, mumpime kutoka kwa kiwiko chake. Wakasema sawa.

Siku ya kupima niliomba ruhusa kazini nikaenda. Odhis akaja na pikipiki, msafi, tape measure kiunoni. Akanisalimia kwa mikono miwili.

Halafu akaanza kuzunguka nyumba. Kwa nje.

Akapima ukuta kutoka kona hadi kona. Akapima dirisha. Akasimama mlangoni, akapima unene wa ukuta bila kuvuka kizingiti. Mimi nimesimama hapo namwangalia, nadhani ndivyo wataalamu hufanya!

Nikamwambia, "Ingia ndani basi, Mama yuko."

"Hapana bro, hapa nimeshapata. Hiyo ingine nitamalizia."

Chai ikaletwa. Akakataa kukaa sebuleni, akainywa akiwa amesimama kando ya pikipiki. Nikasema moyoni, huyu kijana ni mnyenyekevu sana.

Mnyenyekevu!

Siku ya kufunga kaunta nikaenda tena. Pickup ikafika na jiwe limeshakatwa, tundu la sinki limeshatobolewa. Vijana wake wawili wakalibeba ndani. Odhis mwenyewe akabaki kwa geti. Anawaongoza kwa simu, wakuu. Jikoni ni pale, unapaona, na mtu anapiga simu kutoka kwa geti.

Jiwe likakataa kuingia. Ule ukuta wa upande wa stoo una nguzo kwa ndani, na nguzo ya ndani huwezi kuiona ukiwa nje. Tundu la sinki likaangukia mahali hakuna bomba. Na zile kuta fupi za kubebea jiwe, ambazo Jakom alijenga kwa vipimo vya Odhis, zilikuwa za kimo cha kawaida. Nikamwita Mama akae kwa kiti chake tujaribu. Kaunta ikamfika karibu na kidevu.

Yaani mama yangu apike akiangalia sufuria kama mtoto anayechungulia meza ya wakubwa.

Simu ikatoa amri kwamba jiwe likatwe hapo hapo. Wakawasha grinder. Vumbi likajaa nyumba nzima. Halafu tukasikia mlio, na jiwe likapasuka katikati ya tundu la sinki.

Hapo nililipuka. Nilitoka mbio hadi kwa geti na watu wa barabarani wakasimama kutazama.

"Wewe! Ingia ndani uone kitu umefanya!"

Akaangalia chini. "Siwezi ingia."

"Unaogopa nini?"

"Ora, hapo ni kwa maro wangu."

Maro!

Kwa wale si wa huku: maro ni mama mkwe, na ora ni mkwe au shemeji. Odhis amemuoa Akinyi, binti wa baba yangu mdogo. Kwa hivyo mama yangu pia ni maro wake, na kwetu mwanamume haingii jikoni kwa maro, na anayeshika mila sana hata kizingiti cha nyumba havuki. Ni heshima. Siku wakwe walikuja kwa baba mdogo kuhusu Akinyi mimi nilikuwa kazini, kwa hivyo sura yake sikuijua.

Nisieleweke vibaya. Na mila sina ugomvi. Mimi pia nina maro wangu upande wa Rongo, na jikoni kwake sijui hata mlango unafungukia wapi. Lakini sijawahi kwenda kuomba kazi ya kupima hiyo jikoni!

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, Jakom angepea mtu mwingine kazi."

"Si ungetuma hawa vijana wako wapime?"

"Hao hawajui kupima."

Nikamgeukia Jakom, aliyekuwa amenifuata hadi kwa geti. Akainua mikono. "Mambo ya ukoo mimi sikuyajua." Sawa, mwenyekiti. Kwamba fundi wako hakanyagi site, hilo pia hukulijua?

Nikarudi ndani. Mama alikuwa bado kwa kile kiti, mbele ya jiwe lililopasuka, vumbi limemjaa kwa kitambaa cha kichwa.

"Mama, ulikuwa unamjua huyu?"

"Tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana akija najifungia chumbani."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni wewe ulimchagua, usaidie dada yako. Sasa ningemfukuza ora kwa boma?"

Kwa Mama siwezi kupaza sauti. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikapigia kelele hewa.

Baadaye Akinyi alikuja na samaki, akalia. Nilikuwa nimejipanga nimwambie bwana yake alete jiwe lingine. Mama akanikata kabla sijafungua mdomo. "Nyumba ya Akinyi bado changa. Hiyo jiwe iwache." Ikaishia hapo, na mimi hasira nikabaki nayo kifuani mpaka leo.

Majuzi nimepata fundi mwingine, Mkuria kutoka Kehancha. Hajatoa hata helmet, Mama amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Kijana, umeoa wapi?"

"Bado sijaoa, mama."

"Na baba yako?"

"Huko huko kwetu Kuria."

Mama akafikiria kidogo. "Ingia."

Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono kama mtu anasonga kuon, yaani ugali. "Pima hapa," akasema. Akapimwa. Jiwe jipya bado halijakatwa, tunangoja.

Kwa hivyo wakuu, somo langu ni hili. Ukitaka kufanya renovation nyumbani, kabla hujauliza quotation, muulize fundi ameoa wapi. Na huyo sub wa kontrakta muulize wewe mwenyewe. Usidhani kontrakta atakuulizia.

Kama kuna mwenye amepitia kitu kama hiki, aseme hapa chini alifanyaje. Na wale mnaotaka kuniambia nimekosea kumfokea mkwe, pia semeni, nitajibu.

Odhis, najua uko humu ndani. Heshima yako nimeiona. Leo mchana mke wa kaka amempelekea Mama sahani tena.