Mkanda wa Presha na Mkono wa Wafula

Figo mbili, kazi moja ya kiwandani, na mke aliyerudi kwao Webuye. Hiyo ndiyo bei ya mikono ya Wafula. Mimi ni mtu wa kubishana bei. Nimehesabu mara ya pili nikitafuta pa kupunguza, sijapaona.

Nilianza kufundisha watu kunyanyua vyuma hapa Thika, katika jimu iliyokuwa nyuma ya gereji. Siku ya kwanza Meneja hakunisalimia. Alinipa tepu ya fundi nguo, akaniagiza nipime mkono wa kila mteja kabla ya zoezi na baada. Mkono uliotoka kunyanyua hujaa damu, huvimba kidogo kwa muda. Meneja alimtajia mteja kipimo cha baada tu, kana kwamba ndio ukubwa wake halisi.

"Mteja halipii ukweli, Kocha," aliniambia. "Analipia kuongezeka."

Vyuma vyetu vingi vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Upande mmoja ukizidi uzito, tulimwambia mteja ageuke ili mikono igawane dhuluma. Watu walikua polepole, kwa mayai na maharagwe, na wengine hawakukua kabisa.

Baadaye Meneja alifungua tawi Ruiru, mtaa wa Gitothua, akanipeleka huko kuwa mkufunzi mkuu. Cheo hicho kilikuja na ufunguo wa choo. Huko ndiko nilikokutana na sindano za steroidi, yaani homoni ya kiume iliyotengenezwa maabara. Kijana hujidunga wiki kadhaa, anapumzika, anarudia. Mzunguko mmoja waliuita saiko.

Wafula alikuwa mpakiaji wa magunia kiwandani, anakaa mtaa wa Kiuu, na alitaka taji la kutunisha misuli. Tulibishana sana pale jimu. Mimi nilisema dawa hizo zinapandisha presha, zinachosha moyo, ini na figo. Wengine walisema mwili ni wa mwenyewe. Wengine walisema hazina shida mradi kuwe na daktari wa kusimamia. Daktari mwenyewe hakuwepo. Aliyesimamia ni muuzaji. Meneja aliniambia nimwonyeshe maiti kwanza.

Siku moja muuguzi wa zahanati alimpima Wafula, akakuta presha iko juu sana, akataka aende hospitali. Wafula alirudi jimu akicheka.

"Kocha, huyo sista amenifunga mkanda wa watu wa kawaida. Mkono kama huu, lazima mashine ishtuke."

Kilichoniumiza ni kwamba hakuwa mjinga. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huweza kuzidisha kipimo. Jimu nzima ikaishika hoja hiyo. Tangu hapo, aliyeambiwa ana presha alipongezwa, maana ameshinda mkanda. Ugonjwa ukawa cheti cha kukua.

Nilienda kliniki moja ya Thika nikabembeleza hadi nikaazimwa mkanda mpana. Nikampima Wafula mkono wa kulia, nikarudia wa kushoto. Presha ilikuwa pale pale juu.

"Umenipima nikiwa na hasira," alisema.

"Nani amekukasirisha?"

"Wewe na huo mkanda."

Wenzake wakacheka, nami nikaukunja. Wiki ya mashindano alikausha, maana yake aliacha karibu maji yote ili mishipa ionekane. Akawa wa pili. Miezi michache baadaye miguu ikavimba, na wapo waliomsifu kwamba hata mashavu ya miguu yamekubali kukua. Alipofika hospitali, figo zilikuwa zimekwisha.

Sasa nimestaafu. Kazi iliyobaki ni kumsindikiza Wafula kwenye mashine ya kusafisha damu. Zamani alikuwa haishiwi maneno. Siku hizi anaangalia ukuta. Juzi aliniambia kitu kimoja tu: "Kocha, siku ile ya mkanda ungenipiga." Meneja naye bado anafungua matawi.

Mdogo wa Wafula, Simiyu, amejitolea kumpa figo moja. Vipimo vimekubali na upasuaji umepangwa. Lakini wiki jana Simiyu alinifuata sokoni Githurai, akanivuta kando ya wauza viazi. Akanieleza kwamba yeye pia amejidunga, saiko mbili, ameacha. Daktari alimuuliza, akakana.

"Mzee, figo zangu wamesema ziko sawa. Ukinisema watanikataa, na Wafula hana mwingine."

"Na zako zikichoka baadaye, utabaki na ngapi?"

"Si itabaki moja."

Alijibu kama hesabu ya darasa la kwanza, akaenda zake.

Jumatatu daktari ananiita. Amesikia nilikuwa mkufunzi wao, anataka kujua kwangu kama Simiyu amewahi kugusa hizo dawa. Nikisema ndiyo, huenda namzika Wafula. Nikisema hapana, huenda miaka ijayo nasindikiza wawili, kama mmoja hatafia kwenye meza ya upasuaji. Nimeishi kwa kutafuta bei ya katikati, na hapa haipo. Wewe unayesoma, ungekuwa kwenye kiti changu, ungemjibu daktari nini?